Mwavuli wa Samaki, Mmoja

Shemeji yangu ni mtunza stoo. Watunza stoo wako wengi, na wengi wao jioni hufunga mlango wakarudi nyumbani wakiwa watu kama mimi na wewe. Huyu wa kwetu anarudi na stoo yake kichwani. Kijiko kikihama kutoka droo ya kulia kwenda ya kushoto, anauliza nani ameidhinisha. Siku dada alipomleta nyumbani mara ya kwanza tumwone, alikaa kwenye kochi, akazungusha macho sebule nzima, halafu akasema, "Viti sita, kimoja kibovu." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa ukoo wetu. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Nilijua dada hawezi kuolewa na mtu wa hivyo. Akaolewa.

Mimi ni mdogo wake dada, ninayekaa chumba cha nyuma. Nilisomea viumbe vya majini chuo kikuu miaka miwili na nusu, halafu mimi na chuo tukachokana. Shemeji ananiita Mwanachuo, na analitoa hilo neno kama mtu anayetoa unywele mdomoni. Mimi namwita Bwana Leja, lakini kimoyomoyo, maana chumba cha nyuma ni chake.

Sebuleni kuna tangi la kioo la samaki wa maji ya chumvi, refu kuliko kochi. Tangi ni la dada. Alikuwa nalo kabla ya ndoa, pamoja na samaki mmoja wa njano, bapa kama sahani, mdomo umechongoka. Tunamwita Shangazi, kwa sababu ukiingia sebuleni anakuja mpaka kwenye kioo, anakukagua kuanzia viatu hadi nywele, halafu anageuka zake bila neno. Ana miaka kumi na moja. Amehamishwa nyumba tatu, kila mara ndani ya ndoo, ndoo mapajani kwa dada, dada anamsemesha njia nzima kama mgonjwa. Kazi zimekuja zimeondoka, mimi nimeingia chuo nimetoka, Shangazi yupo. Alifika kabla ya shemeji, na ukiona anavyomtazama shemeji unajua hilo hajalisahau.

Sasa, samaki wa maji ya chumvi si kuku, kwamba utamwaga punje uende zako. Maji yao lazima yazunguke. Umeme ukikatika, pampu inasimama, maji yanalala, hewa inaisha humo ndani, na samaki wanakosa pumzi wakiwa majini, kama watu waliofungiwa chumba kisicho na dirisha. Kwa hiyo dada aliandika kikaratasi cha vitu vya kuweka tayari: pampu ndogo ya hewa ya betri, betri, chumvi ya tangi, madumu ya maji safi, dawa ya kupunguza sumu, hita ya akiba, gundi ya kioo, taulo za zamani. Kikaratasi cha mtu mwenye akili. Kosa lake ni moja tu, alikiacha mezani na mumewe akakiona.

Baada ya wiki mbili likaingia kabati la chuma. Shemeji alilipata kazini kwake, lilikuwa linatupwa. Alilipaka rangi ya kijivu, akaweka kufuli kubwa kama ngumi, na ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba, ndani ya fulana. Nje ya mlango wa kabati akaning'iniza leja na kalamu, na juu yake karatasi ngumu yenye herufi kubwa: VIFAA VYA DHARURA. HAKUNA KUTOA BILA FOMU. Wageni wakija, watu wazima na akili zao wamekuja kuona samaki, anawageuza migongo kwa samaki anawaonyesha kabati.

"Miaka minne," anawaambia. "Miaka minne, hakijatoka hata kitu kimoja."

Wengine hujisifia watoto waliofaulu. Yeye anajisifia kabati lisilofunguka.

Niliwahi kumwuliza, "Shemeji, hivi vitu si huwa vinajaribiwa mara mojamoja?"

"Mwanachuo, kitu kikijaribiwa kimeshatumika. Kikishatumika si kipya. Kama si kipya, si akiba."

"Na betri umeziweka wapi?"

"Zimo ndani ya pampu tayari. Dharura haisubiri mtu atafute betri."

Mtoto yeyote aliyewahi kusahau tochi chini ya kitanda anajua betri ukiziacha ndani zinafanya nini. Nilijua. Nikanyamaza. Utamu wa kumwona mtu kama yule akikosea ni mkubwa, na mimi sina starehe nyingi.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alifanya ukaguzi. Anavaa koti lake la kazini, ndani ya nyumba yake mwenyewe, anafungua kufuli, anachungulia ndani kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala, halafu anafunga. Kisha anashika leja na kuanza kuweka alama ya vema, mstari kwa mstari. Nikagundua macho hayainuki. Kalamu inashuka tu, vema, vema, vema, kama inateleza kwenye mafuta.

Mimi nina kipaji kimoja tu kisicho na shaka, nacho ni kuiga mwandiko wa mtu. Chuoni kilinisaidia kwanza, baadaye hakikunisaidia. Leja ilikuwa na vifaa ishirini na sita. Nikaongeza mstari wa ishirini na saba: Hewa safi, chupa 3. Mwisho wa mwezi, vema. Mwezi uliofuata nikaongeza wa ishirini na nane: Mwavuli wa samaki, 1. Shemeji akaweka vema, na kwenye safu ya hali ya kifaa akaandika, "Nzuri." Nilicheka nimebana mto mdomoni mpaka mbavu zikauma siku mbili.

Mwezi wa tatu nikataka kitu cha ujanja zaidi. Mstari wa nne uliandikwa: Pampu ya hewa ya betri, 1. Nikaongeza vistari viwili vya kalamu, moja ikawa nne. Vema.

Haukupita muda, dada akasema, tukiwa wote sebuleni, "Mume wangu, nafikiri tununue pampu ya pili ya betri. Hiyo moja ikigoma siku ya siku, tumekwisha."

Shemeji akainuka, akaenda kwenye leja, akaweka kidole. "Ya pili ya nini? Tunazo nne."

"Nne? Umenunua lini?"

"Zimo kwenye leja."

Dada akainua mabega. Ufunguo hakuwa nao, na mumewe ndiye mwenye kazi ya kuhesabu. Mimi nilikuwa nakunywa chai, kicheko kikanipanda puani, nikakohoa mpaka machozi. Nikasema chai imenipalia. Dada akaja kunipiga mgongoni, taratibu, kama alivyokuwa ananifanyia nikiwa mdogo. "Pole, mdogo wangu. Kunywa polepole."

Nilikuwa na sababu ya kutosema. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimembandika shemeji mgongoni, kwenye koti, kibandiko cha stoo kisemacho BIDHAA IMEPITWA NA WAKATI, akatembea nacho kazini kutwa nzima. Watu walikuwa wanampa pole. Aliporudi alimwambia dada mbele yangu, "Mzaha mmoja zaidi, abebe begi lake." Na huyo akisema kitu, kimeandikwa.

Basi dada akapata semina ya kazini, siku tatu, mbali. Asubuhi ya kuondoka akanivuta mlangoni.

"Shangazi nakuachia wewe. Sikiliza. Si yeye, wewe."

"Kwa nini mimi? Mwenye kabati si yeye?"

"Wewe ukiona kitu kinakufa utashtuka. Yeye ataandika."

Nikampigia saluti. Akanifinya sikio, akaondoka.

Siku ya tatu, siku ya kurudi kwake, niliamshwa na ukimya, kwa kuchelewa kama kawaida yangu. Ukikaa na tangi miaka unazoea muungurumo wake kama unavyozoea mapigo ya moyo wako, na ukikatika unakurupuka. Saa tatu na nusu asubuhi. Sebuleni maji yametulia kama kioo cha meza. Wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa, walioongezwa baada ya Shangazi, wako juu, midomo inafunguka na kufunga. Kale kamoja ka bluu kamejibanza pembeni. Shangazi, ambaye huwa hamwombi mtu kitu, alikuwa juu pamoja nao, mashavu yanakwenda mbio.

Nikatoka nje. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa kibarazani kwake amekunja mikono, mashine yake ya umeme imelala.

"Dada jirani, umeme umekatika saa ngapi?"

"Saa mbili kamili, kama walivyosema. Wanabadilisha nyaya. Mpaka saa kumi na mbili jioni."

"Walisema wapi?"

"We! Si walileta tangazo nyumba zote wiki iliyopita? Kwenu alipokea shemeji yako, mimi namwona."

Nikarudi ndani mbio mpaka kwenye rafu ya mafaili ya Bwana Leja. Tangazo lilikuwepo. Limetobolewa matundu mawili safi, limepigwa muhuri IMEPOKELEWA, lina tarehe, lina namba, lina sahihi. Limefungiwa ndani ya faili la kijani lenye jina BARUA ZINAZOINGIA. Mtu amepata taarifa wiki nzima kabla kwamba nyumba yake itakosa umeme kwa saa kumi nzima, akaitunza vizuri, akaenda kazini.

Nikachukua jagi la plastiki jikoni, nikaanza kuchota maji ya tangi na kuyamwaga humohumo kutoka juu, ili yaanguke kwa kishindo yaingie na hewa. Hilo ndilo nililobakiza kutoka chuoni, na linafanya kazi. Wakashuka kidogo. Nikapumzisha mkono dakika tano, wakapanda tena. Nikapiga hesabu: saa nane na nusu zimebaki, mtu mmoja, mikono miwili, na huo wa kushoto ni wa kupambia tu.

Kumpigia shemeji simu haiwezekani, kule bohari kwao wanaacha simu getini. Kuvunja kufuli nikakufikiria sana. Nyundo tunayo. Ni kifaa namba kumi na tisa. Imo kabatini.

Nikamwita fundi cherehani.

"Nimwagie samaki maji?" akasema. "Si wako ndani ya maji?"

"Chota, mwaga. Chota, mwaga. Usiache hata kidogo, nakwenda kuleta ufunguo."

"Na huyu wa njano mbona ananitazama hivyo?"

"Anamtazama kila mtu hivyo. Mwaga!"

Bohari anakofanya kazi shemeji ni jengo refu lenye dirisha moja la nondo, na foleni mbele ya dirisha. Mbele yangu watu watatu, kila mmoja na fomu mkononi kama mwanafunzi na mtihani. Nikawapita.

"Shemeji, naomba ufunguo wa kabati. Umeme hakuna."

Hakuinua uso. "Najua hakuna. Tangazo nilipokea."

"Ulipokea ukafanya nini?"

"Nikalihifadhi. Fomu."

"Shemeji, Shangazi anakufa!"

Dereva mmoja kwenye foleni akavua kofia. "Pole sana, ndugu. Jamani, mruhusuni apite, ana mgonjwa."

"Mwanachuo, utaratibu unaujua. Kifaa cha dharura, nakala mbili." Akasukuma karatasi chini ya nondo. Nikajaza. Penye sababu ya kuomba nikaandika, "Dharura." Akairudisha.

"Dharura ni aina. Nimekuuliza sababu."

"Hana hewa!" nikapiga kelele. "Hawezi kupumua, yuko peke yake na jirani, na ufunguo uko shingoni kwako!"

Foleni yote ikamgeukia. Dereva akashika nondo. "Wewe bwana, una roho ya namna gani? Shangazi wa watu hapumui, unadai nakala mbili?" Mama mmoja nyuma akasema, "Watu wengine hawana aibu." Shemeji akafungua mdomo awaeleze kwamba ni samaki. Akanitazama, akawatazama wale watu, akaona ukubwa wa maelezo yanayohitajika. Akafunga mdomo. Kuutoa ufunguo shingoni hakukubali, ufunguo hautenganishwi na mtunzaji. Ila alifunga dirisha, akaweka kibao NIMETOKA KIDOGO, ambacho kilikuwa kipya kabisa, naamini hakijawahi kutumika, tukaondoka. Njia nzima mimi nakimbia, yeye anatembea haraka. Kukimbia si hadhi yake.

Tulimkuta fundi cherehani ameloa mpaka kiunoni. "Nina mteja saa sita," akasema, akaniachia jagi. Alipofika mlangoni akamwambia shemeji, "Na wewe uliyepokea tangazo, hongera."

Nikarudi kuchota. Shemeji akafungua kabati, akatoa boksi la pampu. Bado lilikuwa na ule utando wa nailoni wa dukani. Akauchana taratibu, kwa uchungu kabisa. Akaitoa pampu, nyeupe, inang'aa.

"Mpya kabisa," akasema.

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akafungua kifuniko cha nyuma, ukamwagika unga wa kijani. Betri zilikuwa zimevimba, zimetapika, na vile vyuma vidogo vya kushikia vimeliwa vimekwisha.

"Mpya kabisa," akasema tena, kwa sauti ya chini.

Kuna mtu wa hovyo ndani yangu aliyefurahi. Nilimsikia akifurahi, mimi huku namwaga maji.

Shemeji akajikusanya. "Hamna shida. Zipo nyingine tatu."

Akaanza kutafuta. Akatoa ndoo ya chumvi, akaigonga, ikalia kama jiwe, maana ilikuwa jiwe. Akatoa gundi ya kioo, imekauka kama mfupa. Akatoa hita, taulo, madumu, dawa ambayo muda wake uliisha tangu sijaacha chuo. Akavipanga sakafuni kwa mistari. Akarudi kwenye leja, akasoma, akarudi kabatini, akaingiza kichwa.

"Shemeji, shika sufuria tusaidiane."

"Zipo. Leja inasema zipo."

"Achana na leja, mkono wangu umekufa!"

"Nne. Nilizihesabu Jumamosi." Akaanza upya kutoka rafu ya juu. Akapapasa ukuta wa nyuma wa kabati kama kuna chumba kingine. Halafu akageuka, unga wa kijani kwenye pua. "Ni wewe. Umeziiba ukaziuza."

Kale ka bluu kalikuwa kamelala ubavu chini, karibu na mawe. Saa saba mchana. Bega langu lilikuwa linawaka, kila jagi la tatu lilikuwa linaishia sakafuni. Nilihitaji mikono miwili mingine, na mikono hiyo ilikuwa inatafuta pampu tatu nilizoziumba mimi kwa vistari viwili vya kalamu. Nikinyamaza, ataendelea kutafuta mpaka jioni, na hana ushahidi wowote dhidi yangu. Nikisema, begi.

Ningependa kusema nilimfikiria Shangazi kwanza. Nilifikiria kitanda kwanza. Nilikifikiria kwa muda wa jagi nne nzima. Halafu Shangazi akaja kwenye kioo kunikagua kama kawaida yake, na katikati ya ukaguzi akapinda, akalala upande, akajinyoosha, akapinda tena.

"Hazipo, shemeji."

"Nini?"

"Pampu tatu. Hazijawahi kuwepo. Niliandika mimi. Ilikuwa moja, nikaifanya nne."

Akatazama leja. Akatazama mwandiko. Niliona kidole chake kinashuka kwenye karatasi, polepole safari hii, macho yakiwa yamefunguka, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Na hizi chupa tatu za hewa?"

"Mimi."

"Na mwavuli?"

"Mimi."

"Mwavuli nimeuhesabu," akasema. "Miezi miwili."

"Najua."

"Nimeandika hali nzuri."

"Najua, shemeji."

Akakaa juu ya ndoo ya chumvi. Sikuwahi kumwona amekaa juu ya kifaa. Nilisubiri neno begi. Badala yake aliinuka, akaenda jikoni, nikasikia vyombo vinaanguka, akarudi na sufuria. Akavua koti la kazini, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kabati. Akachota.

"Moja," akasema. Akamwaga. "Mbili." Akamwaga. "Tatu."

"Unahesabu nini?"

"Nyamaza, utanipoteza."

Alipofika mia mbili akaniambia, "Pokea." Nikapokea, yeye anahesabu kwa ajili yangu. Mia mbili, "Lete." Na hapo nikaona jambo ambalo silipendi mpaka leo. Peke yangu ningeacha. Najifahamu, ningepumzika dakika tano, zingekuwa kumi, kumi zingekuwa usingizi. Yule mtu hakuacha. Hakuharakisha, hakupunguza, hakuchoka au alichoka hakuliandika popote. Mtu mpumbavu kiasi kile, na kitu pekee anachokijua duniani, kuhesabu, ndicho kilikuwa kinamweka Shangazi hai. Mimi mwenye miaka miwili na nusu ya chuo nilikuwa napokezana naye kwa amri.

Ka bluu hakakufika saa tisa.

Dada aliingia saa kumi na moja, begi mgongoni. Alitukuta tumeloa, zulia linaelea, kabati limetapika vitu vyote sakafuni, na mume wake mwenye fulana akisema, "Mia na arobaini na sita." Hakuuliza. Aliweka begi penye maji, akapiga magoti mbele ya kioo. Shangazi akaja. Taratibu, amepauka, lakini akaja, akamtazama dada kuanzia viatu.

Dada akalia kidogo, halafu akafuta uso akawa mwingine.

"Pampu?"

Shemeji akaionyesha kwa kidevu, mikono ina kazi.

"Na zile tatu?"

Shemeji akanitazama. Alikuwa na begi langu mdomoni, tayari.

"Palikuwa na kosa la maandishi," akasema. "Mia na hamsini."

Msidhani alinifichia. Ili aniseme mimi, ingebidi auseme mwavuli. Nilimdharau hapo kuliko siku zote, na dharau ile ilinikaa vibaya, maana mimi nami nilikuwa tayari kabisa kuikubali hiyo zawadi ya mwoga. Nilikuwa nimeshaanza kuitikia kwa kichwa. Halafu dada akanyoosha mkono, akaniwekea mgongoni palepale alipoweka siku ile ya chai.

"Pole, mdogo wangu. Umechoka."

"Kosa ni langu," nikasema. "Niliandika nne makusudi. Siku uliyosema tununue ya pili, chai haikunipalia. Nilikuwa nacheka."

Mkono ukabaki mgongoni muda kidogo. Kisha ukaondoka.

"Nilikuachia wewe kwa sababu ukiona kitu kinakufa unashtuka," akasema. "Sikujua unasubiri kianze kufa."

Akaninyang'anya jagi, akachota mwenyewe. Zamu zangu zote zilizobaki alizifanya yeye, na mumewe akamhesabia. Mimi nilikaa kwenye ndoo ya chumvi nikiwatazama. Umeme uliporudi, saa kumi na mbili na robo, shemeji akaruka kwenda kuwasha kila kitu, nikamdaka mkono: chujio la tangi limelala na maji machafu kutwa nzima, ukiliwasha hivyo linawatapikia samaki sumu yote. Lioshwe kwanza. Dada alinisikiliza, akaniacha nilioshe. Asante hakusema, nami sikuwa na uso wa kuisubiri.

Baadaye alimwendea mumewe, akavuta kamba kutoka ndani ya fulana, akaivulisha kupita kichwani kama anavyovuliwa mtoto kofia. Ufunguo akautundika kwenye msumari kando ya tangi. "Kila Jumamosi," akasema, "vinatolewa vyote, vinawashwa vyote. Wewe unawasha," akaninyooshea kidole, "na wewe unahesabu. Kwa macho." Halafu akachukua kawavu kadogo, akakatoa ka bluu, akaenda nako nyuma ya nyumba peke yake.

Tukabaki wawili sebuleni. Nikasema, "Begi nipange leo au kesho?"

Shemeji alikuwa ameshavaa koti. Alikuwa amesimama mbele ya leja, rula mkononi. Alipiga mstari juu ya nne, akaandika moja. Alipiga mstari juu ya moja, akaandika "Mbovu." Akafika ishirini na saba, akafika ishirini na nane. Akaandika muda mrefu. Halafu akanipa kalamu.

Nikasoma. Mwavuli wa samaki, 1. Umepotea. Aliyepoteza. Sahihi, na mstari mtupu mbele yake.

"Shemeji, haukuwepo huu."

"Mwezi uliopita ulikuwepo," akasema. "Nina vema."

Nilimtazama usoni nione kama anacheka. Pua yake bado ilikuwa ya kijani. Nikaweka sahihi, ya kwangu mwenyewe, akaipulizia wino ukauke.